Kunguru Wawili Anakana

Mwaka 1884 ilitoka taarifa ndefu kuhusu Waomaha wa Amerika ya Kaskazini, imeandikwa na James Owen Dorsey, mmisionari aliyegeuka kuwa mtafiti wa lugha. Ni maandishi makavu: koo, miiko, ndoa, uwindaji. Lakini kila baada ya kurasa kadhaa mwandishi anasimama ghafla. Amekwisha kueleza desturi fulani kama alivyosimuliwa, kisha anatia sentensi fupi: Two Crows anakana. Huyo Two Crows, Kunguru Wawili, kwa lugha yake Kaxe-nonba, alikuwa mmoja wa wazee waliomfundisha Dorsey, na hakuwa mtu wa kuitikia kila lisemwalo. Dorsey hakumpuuza, wala hakuamua nani mkweli. Aliyaweka yote mawili akaendelea na safari yake. Mwanaisimu Edward Sapir aliandika miaka mingi baadaye kwamba sentensi hizo zilimshtua alipokuwa mwanafunzi. Mimi zilinifurahisha. Kazi yangu ni kuhariri kamusi, na tangu niianze sijawahi kuruhusiwa kuandika chini ya neno lolote kwamba mzee fulani wa Pangani anakana.

Basi mpwa wangu aliponialika nikamtembelee Omaha, Nebraska, anakofanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, nilikubali kabla hajamaliza kunieleza habari za viza. Marekani sikuwahi kufika. Wengine wakifika huko hutaka kuiona New York. Mimi nilitaka kufika kwao Kunguru Wawili.

Nilitua mwezi wa Aprili, na kitu cha kwanza nilichokula katika nchi ile ya ngano na nyama ya ng'ombe kilikuwa kisamvu. Jirani wa chini wa mpwa wangu ni mama wa Kikongo kutoka Kivu, aliyepanda ngazi na sufuria mkononi kumkaribisha mjomba mtu. Yeye aliita sombe. Mpwa wangu akasema hapana, ni kisamvu. Mama akasema kisamvu ndiyo nini? Walibishana kwa raha, nami nikala.

Jiji lenyewe lilianzishwa mwaka 1854. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Waomaha walitia saini mkataba uliowatoa katika sehemu kubwa ya ardhi yao. Jina likabaki mjini, wenye jina wakahamia kaskazini kwenye vilima vya Blackbird, kando ya mto Missouri. Wao hujiita Umoⁿhoⁿ, na ile n ndogo inayoelea juu haitamkwi: inaipitisha irabu puani. Kuanzia hapa nitaiandika n ya kawaida ili mpiga chapa asinichukie. Na th yao ni dh yetu ya dhahabu, ila ulimi unalegea kidogo mpaka inanusa l. Umonhon ni wale waendao dhidi ya mkondo. Wazee walisimulia kwamba zamani walikuwa kundi moja na ndugu zao, wakafika kwenye mto mkubwa, Mississippi, wakaachana. Waliofuata maji wakaitwa Quapaw, watu wa chini mtoni. Hawa wakapanda.

Nebraska nalo ni jina la mto. Bthaska ni bapa, na ni ni maji, sentensi ambayo mhariri yeyote wa Kiswahili angeifuta neno moja bila kuuliza. Maji bapa ndiyo mto Platte, ambao Wafaransa nao waliuita kwa neno lao lenye maana hiyohiyo. Waotoe, majirani wa Waomaha, wana neno linalofanana sana na hilo, kwa hiyo sitaapa jimbo liliazima kwa nani.

Asubuhi ya kwanza mpwa wangu alitoka zamu, akaoga, akakataa kulala. Alinipeleka Fort Omaha, iliyokuwa kambi ya jeshi na leo ni chuo. Pana majengo ya matofali, nyasi zilizoanza kuchipua, na nyumba aliyokaa Jenerali George Crook. Nilitaka kupaona kwa sababu ya neno moja.

Waponca ni ndugu wa Waomaha, na lugha yao ni moja, tofauti zikiwa ndogo tu. Kwao ni kwenye mto Niobrara. Mwaka 1868 serikali ya Marekani iliandika mkataba na Walakota ukaigawa humo ardhi ya Waponca bila kuwauliza, na mwaka 1877, badala ya kulisahihisha kosa lake, ikawahamisha Waponca kwa nguvu hadi eneo ambalo leo ni Oklahoma. Joto, malaria, njaa. Watu wengi walikufa. Mmoja alikuwa mtoto wa kiume wa chifu Standing Bear, aliyemwomba baba yake amzike Niobrara. Januari 1879, katika baridi ambayo mimi hata kuifikiria naona viganja vinauma, Standing Bear alibeba mifupa ya mwanawe akaelekea kaskazini na watu wapatao thelathini. Walipofika kwa ndugu zao Waomaha walipewa mahali pa kukaa. Crook aliamriwa awakamate, akawakamata, akawaleta hapa.

Kesi ilisikilizwa Omaha mwezi Mei. Mawakili wawili waliomba hati ya kumtaka jenerali aeleze kwa sheria gani anawashikilia. Wakili wa serikali akajibu kwamba hati ile sheria inampa mtu, na Mhindi Mwekundu, kwa mujibu wa sheria hiyo, si mtu. Jaji Elmer Dundy alitoa uamuzi tarehe 12 Mei 1879. Na alifanya nini? Alifungua kamusi. Katika hukumu yake alinukuu maelezo ya Webster juu ya neno hilo, akasema yanatosha kabisa kumwingiza hata Mhindi Mwekundu. Standing Bear akaachiwa, akaenda akamzika mwanawe.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mpwa wangu alivyotaka. Katika fani yetu tunajiambia kwamba kamusi hueleza tu jinsi watu wanavyosema. Hapa watu walikaa kizuizini wakisubiri kidahizo. Na sidhani kama mhariri aliyeliandika neno lile ofisini kwake aliwahi kuota kwamba ufafanuzi wake ungemfungulia mlango baba mwenye mifupa ya mwanawe.

Kesho yake tulishika barabara nambari 75 kwenda kaskazini. Mashamba ya mahindi yalikuwa matupu, meusi, yamelowa. Tukapita Tekamah, tukapita Decatur, na mbele kidogo barabara ikapanda kwenye vilima, tukasimama mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kutazama mto. Kileleni huko alizikwa chifu Blackbird, aliyekufa kwa ndui mwaka 1800. Lewis na Clark walipanda kaburini kwake Agosti 1804, walipokuwa wakiipanda Missouri. Missouri kwa Kiomaha ni Nishude. Shude ni moshi. Nilidhani ni jina la kishairi mpaka nilipouangalia mto: ulikuwa unateremka mpana, wa rangi ya majivu, na udongo ulivyokuwa ukijikunja ndani ya maji ulikuwa moshi hasa.

"Unaona, mjomba," mpwa wangu alisema, "mimi kila siku nauvuka huu, nikasema tu ni mchafu."

Macy ndicho kijiji kikuu cha Waomaha. Jina lake si la mtu wala si la Kiomaha. Posta ya zamani ilipoitwa Omaha Agency barua zilikuwa zikipotelea Omaha mjini, basi wakachukua MA ya kwanza na CY ya pili wakaunganisha. Kijiji kina shule, ofisi za serikali ya kabila, chuo kidogo, nyumba za mbao zilizosambaa, mbwa wasiomtambua mgeni. Mwalimu mmoja wa lugha, niliyekuwa nikiandikiana naye, alikuwa ametuombea nafasi kwa mama mzee na kaka yake. Alitupa na maagizo: msiende mikono mitupu, msikimbilie maswali, na wewe mwanamume usiige kila kitu kutoka kwa bibi.

Agizo la mwisho lilihitaji maelezo. Kwa Kiomaha sentensi ya kueleza jambo mara nyingi hufungwa kwa silabi moja ndogo, na silabi hiyo hufuata msemaji. Mwanamume husema ha, mwanamke husema he. Amri nazo zina miisho miwili. Kijana wa kiume aliyejifunza kwa nyanya yake peke yake huweza kuimudu lugha vizuri kabisa na bado akaongea kama nyanya. Katika kijiji ambacho wanaoimudu lugha tangu utotoni ni wazee wachache, na wengi wao ni akina mama, hilo si jambo la kucheka.

Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba nusu kilo ya kahawa ya Mbinga, ya kusaga, kwenye mfuko wa karatasi. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akasema neno, kisha akatufasiria. Kahawa ni monkon sabe. Monkon ni dawa, sabe ni nyeusi. Mara moja akaweka maji jikoni, akaniambia niketi, akamwambia mpwa wangu aketi, akatuchungulia usoni kama anayetafuta ndugu wa nani.

Mimi nilikuwa na orodha ya maneno. Niliitoa kwenye mkoba, nikaikunjua. Kaka yake, mzee mrefu mwenye kofia ya besiboli, aliitazama kwa mbali.

"Unataka jina la kisu," alisema kwa Kiingereza. "Kisu kipi?"

Kulikuwa na kisu mezani, kimelala kando ya mkate. Nikakionyesha. Akasema, monhi ke. Kisha akakichukua, akakichomeka wima kwenye mkate, akasema neno lingine: monhi te. Akakaa kimya, ananiangalia kama nimeona.

Hapo ndipo yale niliyokuwa nimeyasoma nyumbani yalipopata mwili. Katika lugha hii jina la kitu kinachojulikana hufuatwa na neno dogo, na neno hilo huchaguliwa kwa kuangalia kitu kimekaaje. Ke ni ya kitu kilicholala, kirefu, kama mto au kisu mezani. Te ni ya kitu kilichosimama, au vitu vilivyorundikwa pamoja: nyumba, ti, ni ti te. Thon ni ya kitu cha mviringo. Ge ni ya vitu vilivyotapakaa huku na huku. Wenye uhai wana yao: aliyesimama ni ton, aliyeketi ni thinke, anayekwenda ni thin, na akiwa ndiye mtenda katika sentensi huja mengine tena, aka na ama. Hizi te, ke na ton hutamkwa kwa pumzi, pumzi ileile ambayo mtu wa Mombasa humpa kaa wa baharini na kulinyima kaa la moto.

Msomaji wa Kiswahili atasema: ngeli hizo. Nami nilisema hivyo, kimoyomoyo, kwa fahari kidogo. Lakini ngeli yetu ni ya neno. Kisu ni cha ki-vi kikiwa mezani, kikiwa mfukoni, kikiwa kimezama baharini. Hapa ni ya kitu chenyewe, saa hii, mbele ya macho yako. Kisu kikianguka sarufi inaanguka nacho. Mpwa wangu aliinuka kwenda kumsaidia bibi vikombe, na mzee, kwa kumwonyesha tu kwa kidevu, alinipitisha katika safari yake yote jikoni: wa'u thinke, mwanamke aliyeketi, wa'u ton, yule yule amesimama, wa'u thin, anakwenda. Mpwa wangu aligeuka kuuliza kwa nini anatajwa.

Kisha nikaonyesha mfuko wangu wa kahawa, uliobaki nusu umejaa, umesimama katikati ya meza.

"Thon," alisema bibi.

"Te," alisema kaka yake.

Bibi alisema ni kitu cha mviringo, kimejaa tumboni, angalia. Mzee akasema kimesimama, si kipofu yeye. Bibi akasema mama yao angesema thon. Mzee akasema mama yao hakuwahi kuona mfuko wa namna hii. Ugomvi ulikwenda kwa Kiingereza, maneno ya Kiomaha yakitiwa katikati kama ushahidi, na ulichukua muda wa kikombe kizima. Mwishowe mzee aliubonyeza mfuko kwa kidole ukalala ubavu. "Ke," alisema, akamtazama dada yake. Bibi hakumjibu. Aliusimamisha tena.

Niliandika daftarini: thon, te, na jina la aliyekana. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na uhuru wa kuandika hivyo.

Kwa nini watu wanaoijua lugha tangu tumboni wanagombana kuihusu kwa lugha nyingine? Francis La Flesche, Momaha aliyezaliwa hukuhuku na kuwa mtafiti wa watu wake, aliandika mwaka 1900 kitabu kiitwacho The Middle Five kuhusu utoto wake katika shule ya misheni. Kiomaha kilikatazwa shuleni, na katazo lilikuwa na fimbo. Vizazi vilivyofuata vilisoma katika shule za bweni za serikali, kwa mtindo uleule. Bibi hakulizungumzia hilo. Alisema tu kwamba wazazi wao waliongea Kiomaha wao kwa wao, na Kiingereza kwa watoto, "kwa kutuhurumia." Yeye aliipata lugha kwa nyanya yake, kaka mtu kwa babu. Labda ndiyo sababu hawapatani juu ya mfuko.

Nilimwuliza mzee kuhusu majina ya miezi. Francis La Flesche na Alice Fletcher waliyaandika katika kitabu chao kikubwa, The Omaha Tribe, cha mwaka 1911: Januari theluji hujikusanya ndani ya mahema, Februari bata bukini hurudi, Mei watu hupanda, Desemba huzaliwa watoto wa dubu weusi. Aprili, katika orodha hiyo, ni mwezi ambao hakuna kinachotokea. Nilimwambia nimekuja katika mwezi wenyewe.

"Hakuna kinachotokea?" alisema mzee. "Tarehe 15 tunalipa kodi."

Vitenzi alinionyesha kwa vitendo, kwa sababu, alisema, kitenzi ukikiandika kinakufa. Alitwaa biskuti akaivunja kwa vidole, akasema neno. Nyingine akaivunja kwa meno, neno likabadilika kichwani. Akatoka nje, nasi nyuma yake, akaweka kopo tupu la soda kwenye zege akalikanyaga: sasa neno lilianza na non. Akaokota ubao akalipiga: ga. Shina la kitenzi linataja kilichompata kitu, na silabi ya mbele inataja kilichofanya hivyo. Tha ni mdomo, non ni mguu, ga ni pigo, na ni moto, mu ni risasi. Mpwa wangu, anayetumia visu usiku kucha, aliuliza kama kuna silabi ya kukata. Ipo. Mzee alifurahi kuulizwa, wakaenda pembeni wakakata mabua.

Kwa bibi nilirudi kwenye orodha yangu, maana sasa alikuwa amechangamka. Fedha? Monzeska. Monze ni chuma, ska ni cheupe. Nikamweleza kwamba na kwetu fedha ni ile ya mkufu na ni ile ya mfukoni, akatikisa kichwa kana kwamba hilo linajulikana dunia nzima. Jicho? Inshta. Hilo nililitambua: baba yake Francis La Flesche, chifu Joseph, alijulikana kwa jina la Inshtamaza, Jicho la Chuma, na dada yake Susette, aliyezunguka miji ya mashariki akitafsiri hotuba za Standing Bear baada ya kesi, aliitwa Inshtatheamba, Macho Maangavu. Bibi aliyataja majina hayo kama anayetaja watu wa mtaa wa pili.

Kisha akauliza swali lake, ambalo naona alikuwa amelishika tangu tulipoingia. "Huyu ni nani wako?"

Nikasema ni mtoto wa dada yangu.

"Basi wewe ni negi wake." Mjomba. Mpaka hapo tuko pamoja. "Na una watoto?"

Nina wawili, wa kiume na wa kike. Wa kike yuko kidato cha pili.

Bibi alimwita mpwa wangu kutoka nje, akamketisha. Akamwambia: mtoto wa kiume wa huyu ni negi wako pia. Na yule wa kike ni mama yako.

Mpwa wangu ana miaka thelathini na minne. Alimwangalia bibi, akaniangalia mimi. "Mama yangu? Yule? Niliyembeba mgongoni?"

Wataalamu wa ukoo duniani kote wanao mfumo wanaouita wa Kiomaha, na wanafunzi wa anthropolojia huuchora kwa pembetatu na duara kisha huusahau baada ya mtihani. Kanuni yake ni hii: ukoo unafuata baba, na watu wa ukoo wa mama yako kwako wewe ni kundi moja, wakubwa kwa wadogo. Wanaume wote huko ni wajomba zako, awe mzee wa mkongojo au mtoto anayetambaa. Wanawake wote huko ni mama zako. Kwa hiyo kaka wa mama yako akizaa binti leo, leo umepata mama. Na ukimgeuza mkono, binti huyo wewe anakuita mwanawe. Sisi tuna mama mkubwa na mama mdogo, tuna baba mdogo anayeweza kuwa mdogo kuliko wewe, lakini mtoto wa mjomba tumemwacha akawa binamu, neno la Kiarabu lisilomdai mtu chochote. Hapa anadai. Mama ni mama: unamheshimu, unamlisha, na yeye ana haki ya kukukemea.

"Hata akiwa kidato cha pili?" mpwa wangu aliuliza.

"Hasa huyo," alisema bibi. "Usipomzoesha sasa atakuwa mama mbaya."

Kaka yake alikuwa amerejea mlangoni. Alisema hiyo ni kwa njia ya baba tu na lazima tujue ukoo wetu kwanza, kwa kuwa watu wasio na ukoo hawawezi kugawiwa ndugu hovyo. Bibi akasema kila mtu ana ukoo, hata Waafrika. Mzee akasema hakusema hawana, alisema hajaujua. Nilitaja ukoo wa baba yangu. Hakuna aliyeuelewa, lakini wote wawili waliridhika.

Tuliagana kwa neno moja ambalo tulilifanyia mazoezi garini, wibthahon, nakushukuru. Ndani yake wewe na mimi tumo pamoja katika silabi ya kwanza: wi, mimi kwako. Bibi alitufungia mkate.

Tulipitia Walthill, magharibi ya Macy, kwa sababu ya Susan La Flesche, dada mwingine wa Francis. Alihitimu udaktari Pennsylvania mwaka 1889, mwanamke wa kwanza kati ya wenyeji asilia wa Marekani kufanya hivyo, akarudi kuwatibu watu wake kwa gari la farasi katika theluji, kwa Kiomaha na kwa Kiingereza. Hospitali aliyoipigania ilifunguliwa hapo mwaka 1913. Alikufa miaka miwili baadaye. Jengo liko juu ya kilima, la mbao, lina baraza pana. Lilikuwa limefungwa tulipofika. Tulilizunguka tukaondoka.

Ndani ya gari nilikuwa nawaza habari za vipande vya karatasi. Dorsey aliacha maelfu ya vikaratasi vya maneno, kimoja kwa neno moja, vimehifadhiwa Washington. Mwaka 1890 alichapisha The Cegiha Language, kitabu kinene cha hadithi pamoja na barua, na mimi napenda barua kuliko hadithi. Waponca waliohamishwa na Waomaha waliobaki walimwendea wakamwambia, andika hivi: farasi wamekufa, fulani anaumwa, mbona hamjibu? Karne moja baadaye Mark Awakuni-Swetland, aliyefundisha Kiomaha katika chuo kikuu cha Lincoln tangu mwaka 2000, pamoja na mwanaisimu Catherine Rudin, walianza kuvigeuza vikaratasi vile kuwa kamusi ya kidijitali. Awakuni-Swetland alifariki mwaka 2015, na kitabu cha kujifunzia lugha alichokiandaa na wazee kikatoka mwaka 2018. Kazi kubwa, na ninaiheshimu kama fundi anavyoheshimu kazi ya fundi. Lakini nilitamani iwe na nafasi pembeni, kwa ajili ya bibi kuandika thon na kaka yake kuandika te.

"Mjomba," mpwa wangu alisema, tukiwa tumefika mjini, taa zimewaka. "Kule nyumbani saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tatu na nusu usiku Omaha, kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ambayo binti yangu hutafuta soksi. Aliegesha gari, akapiga simu kwa video. Uso ukatokea, una povu la dawa ya meno.

"Shikamoo, mama," alisema mpwa wangu.

Binti yangu aliangalia nyuma yake kama mama yake yuko pale. Nikamweleza kwa ufupi. Ni mtoto mwepesi, hakuhitaji pembetatu wala duara.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekula? Vizuri. Sasa sikiliza, mama yako viatu vya shule vimepasuka."

"Mama ndiye anayemnunulia mwana viatu," alisema mpwa wangu. "Si mwana kumnunulia mama."

"Nani kasema? Mama akizeeka?"

"Una miaka kumi na minne!"

"Kwa hiyo unanikatalia umama au unanikatalia viatu?"

Waliendelea hivyo, kila mmoja akiwa na hoja, mpaka basi la shule likapiga honi huko nje na simu ikakatwa bila kuafikiana.